Kompyuta ya dukani: Lini uhamie mfumo mpya, lini usubiri

TAREHE 14 Oktoba 2025 haikuwa na kelele yoyote madukani. Kompyuta ziliwaka kama kawaida, risiti zilitoka na hesabu za jioni zilifungwa. Hata hivyo, siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilimaliza kipindi cha kuitunza bila malipo Windows 10, mfumo endeshi ulioingia sokoni Julai 29, 2015 na ambao kwa miaka kumi umetumika katika maduka ya pembejeo, stoo za bidhaa za jumla, ofisi za vyama vya msingi vya ushirika na vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi.

Jambo hilo limewaacha wafanyabiashara wengi wadogo njia panda. Fundi mmoja humwambia mwenye duka abadilishe mfumo leo leo. Mwingine humwambia kuwa kitu kinachofanya kazi kisiguswe. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi na kila mmoja anaweza kumtia hasara, kwa sababu jibu halipo kwa fundi. Lipo katika mambo manne ambayo mwenye biashara anaweza kuyapima mwenyewe: kama mfumo alionao bado unatunzwa na aliyeutengeneza, kama kompyuta yake inaweza kuubeba mfumo mpya, kama programu na vifaa vyake vya kazi vitaukubali, na kama msimu wa biashara unaruhusu.

Jambo lenyewe si dogo. Ndani ya kompyuta hiyo ndimo yalimo madeni ya wateja, idadi ya mifuko ya mbolea iliyobaki stoo, kilo ambazo kila mkulima amepeleka ghalani, na kumbukumbu za kodi ambazo sheria ya Tanzania inamtaka mfanyabiashara azitunze kwa muda usiopungua miaka mitano. Anayekosea wakati wa kubadilisha anaweza kufunga duka siku tatu katikati ya msimu. Anayekataa kabisa kubadilisha anaweza kuamka asubuhi akakuta daftari lake lote limefungwa na mhalifu asiyemjua.

Kwa nini mfumo unazeeka

Mfumo endeshi ni programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa. Ndio unaounganisha kinanda, kioo, printa na intaneti na programu za kazi, kama ile ya mauzo au ya hesabu. Tofauti na jembe, hauchakai kwa kutumika. Windows iliyowekwa miaka kumi iliyopita ina maelekezo yale yale iliyokuwa nayo siku ya kwanza. Kinachouzeesha ni mambo mawili yanayotokea nje ya duka.

La kwanza ni kasoro zinazogunduliwa. Programu kubwa namna hii ina mamilioni ya mistari ya maelekezo, na ndani yake hukosi matundu ambayo mhalifu anaweza kupenya. Kwa sababu hiyo Microsoft hutoa marekebisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi. Muda wa utunzaji ukiisha, matundu mapya yanaendelea kugunduliwa lakini hayazibwi tena kwa asiyelipia. Mbaya zaidi, wahalifu huchunguza marekebisho yanayotolewa kwa toleo jipya ili kujua tundu lilikuwa wapi, kisha wakalitafuta hilo hilo katika toleo la zamani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

La pili ni kwamba majirani wanahama. Watengenezaji wa programu nyingine nao huacha kuuhudumia mfumo mkongwe. Februari 2023, kwa mfano, kivinjari cha Chrome kilianza kutoa matoleo ambayo hayafanyi kazi kwenye Windows 7 wala Windows 8.1. Kwa mfanyabiashara, kivinjari ndicho mlango wa kuingilia benki na wa kupeleka ritani za kodi. Mlango huo ukianza kukataa, kompyuta inabaki kuwa taipureta yenye kioo.

Waliowahi mno na waliochelewa mno

Historia ya mifumo hii ina mafunzo mawili yanayopingana, na yote mawili yanamfaa mwenye duka.

Funzo la kwanza linatokana na Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 30, 2007. Wakati huo ofisi nyingi zilikuwa zikitumia Windows XP ya mwaka 2001. Wengi walioikimbilia Vista katika miezi ya mwanzo walikuta printa na skana zao hazifanyi kazi, kwa sababu watengenezaji wa vifaa hivyo walikuwa bado hawajaandaa programu za kuviendesha. Kompyuta za bei ya kawaida za wakati ule zilielemewa na mfumo huo mzito. Ofisi nyingi ziliamua kubaki na XP hadi ilipokuja Windows 7, Oktoba 22, 2009, na hazikupata hasara yoyote kwa kusubiri. Kwao, haraka haraka haikuwa na baraka.

Lakini ni vema kuangalia kilichowaruhusu kusubiri. Windows XP iliendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Aprili 8, 2014. Waliosubiri walikuwa wamekaa katika nyumba ambayo bado inakarabatiwa.

Funzo la pili lilikuja Mei 12, 2017. Siku hiyo kirusi kilichopewa jina la WannaCry kilianza kusambaa duniani. Kilifunga mafaili ya kompyuta na kudai malipo ya dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin, kiasi kilichopanda hadi dola 600 kwa aliyechelewa. Polisi wa Ulaya, Europol, walikadiria kuwa waathirika walizidi 200,000 katika nchi zisizopungua 150. Huko Uingereza hospitali za umma zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa.

Kinachopaswa kukumbukwa ni kuwa Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho ya kuziba tundu hilo tangu Machi 14 mwaka huo, takribani miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, mfumo uliokuwa bado unatunzwa wakati ule. Wenye nazo hawakuwa wameweka marekebisho. Hapa methali inageuka: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Ukiyaweka mafunzo hayo pamoja, jambo moja linajitokeza wazi. Upya wa mfumo si sababu ya kuhama, na kufanya kazi kwake si sababu tosha ya kubaki. Kipimo ni kama mfumo huo bado unatunzwa, na kama wewe unapokea utunzaji huo.

Swali la kwanza: Mfumo wako bado unatunzwa?

Anza kwa kujua ulichonacho. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, andika neno winver, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Jina la mfumo na toleo lake vitatokea. Viandike kwenye daftari pamoja na tarehe, kama unavyoandika namba ya mashine ya kusaga.

Tarehe za mwisho za utunzaji wa kawaida zinafahamika. Windows XP ilikoma Aprili 8, 2014. Windows 7 ilikoma Januari 14, 2020. Windows 8.1 ilikoma Januari 10, 2023. Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, siku ambayo pia ulikoma utunzaji wa programu za ofisi za Office 2016 na Office 2019.

Windows 11, iliyotolewa Oktoba 5, 2021, inatunzwa kwa utaratibu tofauti kidogo. Hutolewa toleo moja kila mwaka, na kila toleo la Home au Pro hutunzwa kwa miezi 24. Kwa hiyo aliyehamia Windows 11 mwaka 2022 na kuzima masasisho ili kuokoa bando hayuko salama zaidi ya jirani yake. Kuhama si tendo la mara moja, ni mazoea.

Kama kompyuta yako ina mfumo uliokwisha muda wake na inaingia kwenye intaneti, swali la kuhama au kutohama limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni lini na kwa njia gani. Kama mfumo bado unatunzwa na kazi inakwenda, huna haja ya kukimbilia toleo lililotoka mwezi huu. Waache wengine wakumbane na matatizo ya mwanzo, wewe uhame baada ya miezi kadhaa.

Kuna hali moja ya pekee. Kompyuta ya zamani isiyounganishwa kabisa na intaneti, ambayo kazi yake ni moja tu, kama vile kuendesha mizani au mashine ya kuchapa lebo, inaweza kuendelea na mfumo wake mkongwe. Lakini ni lazima iwe imetengwa kweli kweli. Flashi inayotoka kwenye kibanda cha intaneti na kuchomekwa humo inaivunja hiyo ngome mara moja.

Swali la pili: Kompyuta yenyewe itaweza?

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Windows 11 inataka prosesa ya biti 64 yenye viini viwili au zaidi, kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, na kifaa cha usalama ndani ya kompyuta kinachoitwa TPM toleo la 2.0. Kwa kompyuta zenye prosesa za Intel, zinazokubaliwa rasmi ni hasa zile za kizazi cha nane na kuendelea, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Microsoft inatoa bure programu ya kupima iitwayo PC Health Check, ambayo hutoa jibu la ndiyo au hapana kwa dakika chache.

Kompyuta ikikubaliwa na Windows 10 yake ikiwa na leseni halali, kuhamia Windows 11 hakuna malipo ya leseni. Gharama ni bando na muda. Faili la kuwekea mfumo ni zaidi ya gigabaiti 4, kwa hiyo ni nafuu kulipakua mara moja kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi na kuitumia kwa kompyuta zote za ofisi.

Ni vema kutambua kuwa gigabaiti 4 za RAM ni kiwango cha kuwasha, si cha kufanyia kazi kwa raha. Kwa duka linalofungua programu ya mauzo, kivinjari na jedwali la hesabu kwa wakati mmoja, gigabaiti 8 ndizo zinazofaa. Aidha, kompyuta nyingi zinazolalamikiwa kuwa nzito hazina tatizo la mfumo bali la diski ya kuzunguka ya zamani. Kuiondoa na kuweka diski ya SSD huipa kompyuta uhai mpya kwa gharama ndogo kuliko kununua nyingine.

Anayelazimika kununua kompyuta iliyotumika kutoka nje awe makini na jambo hili hili. Kompyuta ya mtumba ya bei poa yenye prosesa ya kizazi cha nne au cha sita itawaka vizuri dukani kwa muuzaji, lakini haimo katika orodha ya Windows 11. Bei yake ndogo ni bei ya kitu ambacho muda wake umekwisha. Muulize muuzaji kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei, na umwombe aonyeshe kuwa leseni ya Windows ni halali. Nakala bandia zinazofunguliwa kwa programu za kuvunja leseni mara nyingi huja na virusi ndani yake, na mwenye duka anakuwa amemkaribisha mwizi kwa mkono wake mwenyewe.

Swali la tatu: Programu na vifaa vya kazi vitakubali?

Mfanyabiashara hafanyi kazi na Windows. Anafanya kazi na programu ya mauzo, printa, kisoma misimbo ya bidhaa na mizani. Mfumo mpya usiokubaliana na vitu hivyo ni sawa na trekta jipya lisiloshika plau ulilonalo.

Tanzania ilianza kuwataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT kutumia mashine za kielektroniki za kutolea risiti, EFD, mwaka 2010. Baadhi ya mashine hizo husimama peke yake na haziguswi na mabadiliko ya kompyuta. Nyingine, hasa printa za risiti na vifaa vya kutia saini ankara, huunganishwa na kompyuta na huhitaji programu ya kuziendesha. Mwenye kifaa cha namna hiyo amuulize kwanza wakala aliyemuuzia kama kipo tayari kwa mfumo mpya. Wa Kenya anayetumia programu ya mauzo iliyounganishwa na eTIMS naye aulize swali hilo hilo kwa aliyemuunganishia. Duka lenye kompyuta nzuri lisiloweza kutoa risiti halali haliwezi kufanya biashara.

Programu za zamani sana nazo zina mtego wake. Windows 11 ipo kwa biti 64 peke yake, na Windows za biti 64 haziendeshi programu za biti 16 zilizoandikwa enzi za DOS. Kama hesabu za stoo bado ziko kwenye programu ya aina hiyo, kuhama kwa Windows kutakuwa pia kuhama kwa daftari zima. Kazi hiyo inahitaji wiki kadhaa na haifanywi kwa usiku mmoja.

Njia rahisi ni kuandika orodha. Upande mmoja andika kila programu na kila kifaa kinachochomekwa kwenye kompyuta. Upande wa pili andika nani alikiuza na namba yake ya simu. Piga simu moja moja na uulize. Kitu kimoja kikikosa jibu, usianze.

Swali la nne: Msimu unaruhusu?

Swali hili mara nyingi husahauliwa, nalo ndilo la mkulima na mfanyabiashara kuliko yote. Tarehe za Microsoft zimepangwa Marekani. Hazijui mvua za Songwe wala mnada wa korosho Mtwara.

Tuseme kuna duka la pembejeo katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua huanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Kuanzia Oktoba wakulima wanatafuta mbegu na mbolea ya kupandia, na ifikapo Januari wanafuata mbolea ya kukuzia. Mwenye duka hilo akiguswa kompyuta yake Novemba, anaguswa shingoni. Miezi ya Mei hadi Agosti, mauzo ya pembejeo yanapopungua, ndiyo yake ya kubadilisha. Kwa hiyo duka lililokuwa na Windows 10 lilipaswa kulimaliza jambo hili kati ya Mei na Agosti 2025, kabla tarehe ya Oktoba haijafika. Lililoshindwa halina budi kulifanya katika kipindi cha kwanza cha utulivu kinachopatikana, huku likichukua tahadhari nyingine katikati.

Kwa mikoa yenye vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, nafasi nzuri kwa muuza pembejeo ni Julai na Agosti. Chama cha msingi cha wakulima wa korosho, ambacho msimu wake wa minada huanza Oktoba, kinapaswa kuwa kimemaliza kila kitu mapema. Chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, kilo za kila mkulima huandikwa chamani, korosho huenda ghala kuu, huuzwa mnadani na fedha hupitia benki hadi kwa mkulima. Orodha ya kilo ikipotea au ikichelewa, anayelala njaa si karani bali mkulima anayesubiri ada ya shule.

Kalenda ya kodi nayo ihesabiwe. Ritani ya VAT hupelekwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, Tanzania na hata Kenya. Siku nzuri za kubadilisha ni baada ya ritani kupokewa, si siku mbili kabla. Kwa mfanyabiashara wa Kenya, mwishoni mwa Juni uachwe pia, kwani Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya ritani ya mwaka.

Hesabu ya gharama

Wapo wanaoona ni nafuu kulipia muda wa ziada. Kwa kompyuta za biashara zenye Windows 10, Microsoft ilitangaza huduma ya marekebisho ya kulipia kwa muda usiozidi miaka mitatu. Bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, dola 122 mwaka wa pili na dola 244 mwaka wa tatu. Anayeingia mwaka wa pili hulazimika kulipia na ule wa kwanza.

Ukijumlisha, miaka mitatu inagharimu dola 427 kwa kompyuta moja, na mwisho wake bado una kompyuta ile ile ya zamani. Kwa hiyo huduma hiyo ina maana kama daraja la mwaka mmoja kwa anayesubiri msimu upite au anayekusanya mtaji. Haina maana kama makazi ya kudumu.

Upande mwingine wa hesabu ni gharama ya kusimama. Tuseme duka linauza kwa wastani wa shilingi 800,000 kwa siku na faida ghafi ni asilimia 10. Kila siku kompyuta inapolala, shilingi 80,000 ziko hatarini, na siku tano ni 400,000. Hapo hayajahesabiwa madeni ya wateja ambayo hayana kumbukumbu nyingine popote. Kila mwenye duka aweke tarakimu zake mwenyewe katika hesabu hii, kisha alinganishe na bei ya fundi, diski au kompyuta nyingine. Mara nyingi jibu litajitokeza lenyewe.

Kuna pia upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2019. Chama kinachotunza majina, namba za simu na akaunti za benki za wanachama wake kina wajibu huo, hata kama kina kompyuta moja tu mezani.

Namna ya kuhama bila kufunga duka

Kwanza, weka nakala ya akiba ya kila kitu, mara mbili: moja kwenye diski ya nje inayokaa mbali na duka, nyingine mahali pengine kama kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nakala isiyojaribiwa si nakala. Ifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama madeni ya wateja yanasomeka.

Pili, chapa kwenye karatasi orodha ya madeni na stoo ya siku hiyo. Karatasi haihitaji umeme.

Tatu, kama una kompyuta mbili au zaidi, anza na ile isiyo ya mauzo. Ifanyie kazi wiki mbili kabla ya kugusa ya kaunta.

Nne, hakikisha umeme. Kukatika kwa umeme katikati ya kazi hii kunaweza kuiacha kompyuta haina mfumo wowote. Tumia kifaa cha kuhifadhi umeme, au kompyuta ya mkononi iwe na betri iliyojaa na imechomekwa kwenye chaji.

Tano, fanya kazi hiyo jioni ya siku yenye wateja wachache, ili kesho yake uwe na nafasi ya kurekebisha. Toa risiti ya majaribio kwa utaratibu ambao wakala wa mashine yako anaukubali, pima mzigo kwenye mizani, ingia benki, chapa ankara.

Sita, kumbuka kuwa aliyetoka Windows 10 kwenda Windows 11 kwa njia ya kawaida ana siku 10 za kurudi alikotoka bila kupoteza mafaili yake. Tumia siku hizo kujaribu kila kitu. Usigundue siku ya 11 kwamba printa haikubali.

Kwa kompyuta isiyokubaliwa na Windows 11

Kompyuta ambayo haina sifa si lazima itupwe. Mifumo ya bure ya familia ya Linux, kama Ubuntu na Linux Mint, hufanya kazi kwenye mashine nyingi za zamani. Ubuntu hutoa kila baada ya miaka miwili toleo linalotunzwa kwa miaka mitano. Lile la Aprili 2024, kwa mfano, linatunzwa hadi mwaka 2029. Kwa kazi za barua, majedwali ya hesabu na kuingia kwenye intaneti, mifumo hiyo inatosha kabisa.

Tatizo lipo kwenye programu za mauzo na vifaa vya risiti vilivyotengenezwa kwa ajili ya Windows, ambavyo vingi havitafanya kazi huko. Kwa hiyo njia ya busara kwa duka lenye kompyuta mbili ni kununua au kuhamisha ile ya kaunta kwenda Windows 11, na ile ya zamani kuipa Linux ifanye kazi za ofisi. Duka lenye kompyuta moja tu ya kaunta lisiijaribu njia hii kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka kwa aliyeuza programu ya mauzo.

Kwa wale wanaofanya biashara yote kwenye simu, kanuni ni ile ile. Simu za Android nazo hupewa miaka maalumu ya utunzaji na mtengenezaji. Fungua sehemu ya mipangilio, tafuta tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama, na kama imepitwa kwa miaka, simu hiyo isiwe ndiyo ya kushikia fedha za duka.

Wakati msimu haujaruhusu

Mwenye duka ambaye bado ana mfumo uliokwisha muda wake na hawezi kuhama wiki hii asikae mikono mitupu. Apunguze matumizi ya kompyuta hiyo yawe ya kazi tu, aondoe barua pepe na mitandao ya kijamii ndani yake, azuie flashi za wateja, ahamishie miamala ya benki kwenye kifaa kinachotunzwa, na achukue nakala ya akiba kila jioni wakati wa kufunga hesabu. Tahadhari hizo hazizibi tundu, ila zinapunguza wanaolipitia.

Kisha achukue kalenda ya ukutani, aangalie msimu wake, aangalie tarehe za kodi, na atie alama kwenye wiki moja ya utulivu iliyo karibu zaidi. Ampigie fundi na wakala wa mashine ya risiti wakiwa bado wana nafasi, na atenge fedha kama anavyotenga za mbegu. Na kwa kuwa kila toleo la Windows 11 nalo lina mwisho wake, wiki hiyo itiwe alama kila mwaka, baada ya msimu kufungwa na kabla mwingine haujaanza.